AFYA YA JAMAA: Kabla ya Kushika Ufagio

Kiangazi kimefika. Barabara zimekauka, kila gari likipita linaacha wingu nyuma yake, na akina mama wanaanika nguo mara mbili kwa sababu ya vumbi. Basi barua ya mwezi huu imekuja kwa wakati wake. Imeandikwa na kijana mmoja wa korali. Nitaificha jina lake na jina la mtaa, lakini maneno yake nayaweka jinsi alivyoyaandika:

"Mama, jambo. Sisi vijana tuko na mpango ya kufanya salongo kwa ile parsele iko nyuma ya masomo ya watoto wadogo. Zamani kulikuwa atelie ya betri za magari. Walikuwa wanazivunja na kuyeyusha vyuma vya ndani. Wenye kazi walihama. Udongo umebakia mweusi, majani hayaoti, na kuna vipande vya betri kila mahali. Tunataka kufagia yote, kuchoma takataka, na kutupa ule udongo bondeni. Kwa kuwa ni kiangazi, udongo ni mwepesi, tunafikiri kazi itaisha Jumamosi moja. Wazee wamefurahi kwa sababu wanataka kujenga vyumba viwili vya masomo hapo. Lakini kuko mama mmoja, muganga wa kituo cha afya, anatukataza. Anasema tutaua watoto. Sasa Mama, ni nani ana haki? Sisi tunataka kusafisha tu!"

Mwanangu, asante kwa barua. Nitakujibu wazi: mama yule ana haki. Jumamosi hiyo acheni fagio nyumbani. Lakini ninyi pia hamkukosa. Pale ni pachafu na panafaa kusafishwa, tena kabla tofali la kwanza halijawekwa. Kosa ni moja tu, namna mlivyopanga kufanya. Kuna uchafu ambao ukiufagia unauondoa, na kuna uchafu ambao ukiufagia unaugawia watu wote. Huu wenu ni wa aina ya pili.

KIKAANGO CHA SHANGAZI

Kabla sijaenda mbali, niwape kisa cha jamaa yangu mwenyewe, msifikiri ninawasema wengine tu.

Nilikulia Kamituga. Wanaotoka kule wanawajua akina mama wa kutwanga, wale wanaoponda mawe ya dhahabu kutwa nzima. Hata wanaoandika kwa Kifaransa huwaita kwa neno letu hilo la kutwanga. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Jioni alirudi nyumbani nywele nyeupe kama mzee, kumbe ni vumbi la jiwe. Mume wake alikuwa ananunua dhahabu kidogo kidogo. Ile dhahabu ilikuja imeshikana na zebaki, yale maji ya fedha yanayoteleza. Yeye aliiweka katika kikaango cha zamani, akaiweka juu ya mbabula, palepale jikoni, watoto tukiwa tumekaa kuota moto. Zebaki ilipanda hewani, dhahabu ikabaki. Tulipenda kutazama.

Baadaye shangazi alianza kutetemeka mikono, akawa anasahau. Hakuna aliyempima, basi sitasema kwa uhakika kwamba ni zebaki. Ninasema hivi tu: leo tunajua kwamba mvuke wa zebaki hauonekani kwa macho, haunuki, na unaingia mwilini kwa pumzi. Unadhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na kwa mama mja mzito unamfikia mtoto aliye tumboni. Leo tunajua pia kwamba mvuke ule ukipoa unashika kwenye ukuta, kwenye mabati na kwenye sakafu ya udongo, kisha unatoka tena siku ya joto. Kwa hiyo jikoni kwa shangazi hata siku ambayo dhahabu haikuchomwa, sumu ilikuwa ingali ndani ya nyumba.

Sisi tulikuwa tunafagia jiko lile kila asubuhi. Mama yangu alisifiwa kwa usafi. Kumbe kufagia kulikuwa kunavunja matone ya zebaki yawe madogo zaidi na kuyatawanya. Mnaona sasa kwa nini barua ya kijana huyu imenigusa.

RISASI NI NINI HASA?

Ndani ya betri ya gari kuna chuma kizito na laini, kinaitwa risasi, na kuna maji makali ya asidi. Fundi akivunja betri, asidi inamwagika ardhini. Akiyeyusha zile sahani za risasi, moshi unapanda, kisha unashuka kama unga laini juu ya udongo, juu ya mabati, juu ya majani ya lengalenga. Unga huo hauozi. Mvua haiumalizi. Mwaka mmoja, miaka ishirini, uko palepale.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mtoto mdogo ndiye anayeumia kuliko wote, kwa sababu tatu. Kwanza, anacheza chini na kutia mikono mdomoni. Pili, risasi ikifika tumboni, mwili wake unaweza kuinywa mara nne au tano kuliko mwili wa mtu mzima. Tatu, ubongo wake ungali unajengwa. Mtoto huyo anaweza kuwa mzito masomoni, mkali bila sababu, mwenye kuumwa tumbo na kukosa damu. Mwalimu anasema ni mvivu, mzazi anachukua fimbo. Ikizidi sana inaleta degedege na kifo.

Sasa chukua parsele hiyo, na chumba cha watoto wadogo mbele yake, na vijana thelathini wenye fagio mwezi wa saba. Ongeza moto wa kuchoma takataka. Halafu udongo wenyewe mmeutupa bondeni, na mvua ya kwanza ya Septemba inaupeleka katika vijito vyetu hadi ziwani, kwenye sambaza tunazokula. Mmeona? Sumu iliyokuwa imelala katika parsele moja ingeenda mtaa mzima, tena kwa nia njema.

WENZETU WALIPITIA HAYO

Pengine mtu atasema, "Mama anatutisha." Twende tukatazame mahali patatu.

Pa kwanza ni Mombasa, Kenya, kwenye mtaa wa Owino Uhuru wenye watu karibu 3,000. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani kilianza kazi kikipakana na nyumba za watu. Mwaka 2009 Mama Phyllis Omido aliajiriwa humo. Mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu. Mama huyo akaacha kazi, akaanza kuwakusanya majirani. Alitishwa, alikamatwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Lakini sikilizeni vizuri: kufungwa kwa kiwanda hakukuondoa sumu. Ilibaki katika udongo na kwenye mabati ya nyumba. Wananchi walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na udongo usafishwe katika muda wa miezi minne. Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo mwaka 2023, kisha Mahakama ya Juu ikairudisha mwezi wa Desemba 2024. Hesabuni wenyewe: kutoka kufungwa kwa kiwanda hadi hukumu ya mwisho ni miaka kumi. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2014 alitambaa, akatembea na kuanza masomo juu ya udongo uleule.

Pa pili ni jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nijeria, na hapa watu wa machimbo mtege masikio, kwa sababu ni habari ya dhahabu kama yetu. Mawe yao ya dhahabu yalikuwa na risasi nyingi ndani. Watu waliyaponda na kuyasaga nyumbani, uani, mahali watoto wanachezea. Mwaka 2010 waganga wa shirika la Médecins Sans Frontières walikuta watoto wanakufa kwa wingi. Zaidi ya watoto 400 walipotea. Hapo ndipo funzo la kwetu lilipo: waganga walikuwa na dawa ya kutoa risasi mwilini, lakini walitaka nyumba ya mtoto isafishwe kwanza. Kwa nini? Kwa sababu ukimtibu mtoto halafu ukamrudisha kwenye udongo uleule, ni kama kukausha sakafu huku mabati yanavuja. Basi kijiji kwa kijiji wakapara udongo wa juu, wengi kwa majembe ya mkono, wakautia katika mifuko, wakauzika katika mashimo maalumu mbali na visima, kisha wakaleta udongo safi na kufunika uani kote. Walianza na vijiji viwili mwaka 2010. Kijiji kikubwa cha Bagega kilisafishwa mwaka 2013. Wanakijiji wenyewe ndio walioshika majembe, lakini walifundishwa kwanza na kuvalishwa kwanza.

Pa tatu ni hapahapa Kongo, Lubumbashi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kuwaka mwaka 1911, wakati wa Union Minière, na baadaye kikawa cha Gécamines. Moshi wake ulisukumwa na upepo upande mmoja kwa miaka mingi, mpaka ardhi ya upande ule ikawa tupu, majani yakakataa kuota. Watu wa Penga Penga wanaijua ardhi hiyo, ndiyo wanayoishi juu yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walijaribu njia nyingine: badala ya kuchimba udongo wote, ambao ni mwingi mno, walitia chokaa na mbolea ya takataka zilizooza, wakapanda nyasi za Katanga zilizozoea udongo wenye shaba. Shaba haitoki kwa njia hiyo. Lakini chokaa inapunguza ukali wake, na nyasi zinashika udongo usipeperuke. Wanayotafuta ni hayo: vumbi likae chini.

Mombasa, Zamfara, Lubumbashi. Udongo mbalimbali, sumu mbalimbali, lakini hofu ni ileile: kile kilicho chini kisipande juu.

KUSAFISHA HUKU UNALINDA HEWA

Sasa nieleze jinsi kazi hii inavyofanywa na wenye ujuzi. Nataka mjue, ili siku wakija msikubali kazi ya ovyo.

Kwanza, udongo unapimwa. Wanachukua udongo kidogo hapa na pale, juu na chini, na pia nje ya ua, kwenye kiwanja cha watoto na kwenye bustani za jirani. Kila kimoja kinaandikwa kilipotoka. Wanachora ramani: hapa ni pabaya sana, hapa ni wastani, hapa ni safi. Bila ramani hiyo utachimba pasipo na sumu na kuacha penye sumu.

Pili, na hapa ndipo watu wengi wanaruka, hewa inapimwa KABLA ya jembe la kwanza. Hewa ya Bukavu si safi hata siku ambayo hakuna anayechimba. Kuna makala, kuna moto wa takataka, kuna pikipiki, kuna vumbi la barabara. Usipojua hewa ilikuwaje jana, huwezi kujua kazi ya leo imeongeza nini.

Tatu, vipimo vinawekwa pande mbili: upande upepo unakotoka, na upande upepo unakokwenda. Hesabu yake mtoto wa masomo anaiweza. Tuseme, kwa mfano tu, kipimo cha upande wa upepo kinaonyesha 40, na cha upande wa pili kinaonyesha 190. Tofauti ni 150. Hiyo 150 haikutoka kwa jirani wala barabarani, imetoka kwenye kazi yenu. Na kama kuna masomo au kituo cha afya, kipimo kimoja kinawekwa pale pale.

Kinachohesabiwa ni vumbi dogo lisiloonekana. Unywele wa mtu una unene wa mikrometa kama 70. Vumbi la mikrometa 10 ni jembamba mara saba kuliko unywele, linapita pua na koo. Lile la 2.5 linafika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kwa muda wa saa 24, vumbi la 10 lisizidi mikrogramu 45 katika mita moja ya hewa ya pande zote, na la 2.5 lisizidi 15.

Nne, kinawekwa kiwango cha kusimamisha kazi. Kiwango hicho huandikwa kabla ya kazi kuanza, si baada ya watu kuanza kukohoa. Kipimo kikifika pale, majembe chini! Maji yanamwagwa, watu wanangoja. Upepo ukikaza, kazi inaahirishwa. Wala si lazima mkubwa aje ndipo isimame. Aliyeshika kipimo ana ruhusa ya kusimamisha.

Tano, udongo unalowanishwa kila wakati, si mpaka utiririke, bali mpaka usipande. Lundo linafunikwa kwa turubai. Lori linafunikwa na magurudumu yake yanaoshwa kabla ya kutoka. Wafanyakazi wana barakoa za kweli za kuchuja vumbi, si kitambaa. Wana nguo za kazi zinazobaki kazini. Baba anayerudi nyumbani na nguo ya kazi na kumbeba mtoto anamletea sumu kwa mkono wa mapenzi.

Sita, udongo mchafu unakwenda mahali palipotayarishwa na kuandikwa, mbali na maji. Hauendi bondeni wala kuziba mashimo ya barabara.

Jambo moja la kuongeza. Siku hizi kuna vipimo vidogo vya hewa vya bei nafuu. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, wana mradi unaoitwa AirQo uliotengeneza vipimo vinavyovumilia vumbi na joto la miji yetu, hata wamevifunga kwenye pikipiki za boda. Ni vitu vizuri. Lakini vina mpaka wake: vinahesabu vumbi, havisemi vumbi hilo ni la risasi au la unga wa muhogo. Kwa kujua risasi, lazima hewa ipitishwe kwenye kichujio na kichujio kipelekwe maabara. Na zebaki havioni kabisa, kwa sababu ule ni mvuke, una kipimo chake peke yake. Kwa hiyo mtu akija na kisanduku chake na kusema, "Hewa ni nzuri, rudini nyumbani," muulizeni kwa heshima: kisanduku hiki kinapima nini?

BASI VIJANA WAFANYE NINI?

Mwanangu, najua unangoja hapa. Salongo msiifute. Badilisheni kazi yake. Haya ndiyo mnaweza kufanya bila kudhuru mtu:

1. Zungusheni ua. Miti, miiba, mabati ya zamani, chochote kinachozuia watoto na mbuzi wasiingie. Fanyeni mkiwa nje ya parsele, na mahali pa kuchimba shimo la mti mwageni maji kwanza. Wekeni kibao kwa Kiswahili na kwa Kifaransa: HATARI, SUMU. Kwa wasiojua kusoma chora fuvu la kichwa.

2. Msichome kitu, msifagie kitu, msichimbe ndani. Vipande vya betri msishike kwa mikono.

3. Fungeni kitambaa chepesi juu ya mti mrefu mtazame upepo. Kando ya ziwa upepo wa mchana hupenda kutoka majini kuelekea milimani, na usiku hugeuka, lakini kila kilima kina tabia yake. Andikeni asubuhi, adhuhuri na jioni, mwezi mzima. Daftari hilo litawafaa sana wapimaji wakija.

4. Upande wa masomo, asubuhi futeni madawati na madirisha kwa kitambaa chenye maji, na sakafu ipigwe deki yenye maji. Ufagio mkavu usitumike. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya uji.

5. Andikeni barua. Shefu wa avenyu apate, komini ipate, watu wa mazingira wa jimbo wapate, na kila mmoja atie sahihi kwenye nakala yenu kwamba ameipokea. Ombeni vitu viwili tu: udongo upimwe, na damu ya watoto ipimwe. Mama muganga awasaidie kueleza kwamba kipimo cha damu kikifika mikrogramu 5 katika desilita moja, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na mtoto aondolewe karibu nacho.

6. Wazee wasijenge kwanza. Najua darasa moja lina watoto wengi. Lakini msingi ni mfereji unaochimbwa, na kila jembe litapandisha sumu. Heri mwaka mmoja chini ya turubai kuliko watoto wa miaka sita chini ya mabati mapya yenye sumu chini yake.

Msiogope kuandika barua hiyo. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira yenye afya. Sheria ya mazingira ya Julai 2011 inaweka msingi kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Kuuliza si ujinga, na kudai haki kwa adabu si uasi.

NA YULE FUNDI?

Nimesikia tayari sauti ya mtu: "Tumtafute yule fundi wa betri tumfundishe adabu!" Taratibu. Fundi yule alikuwa analisha watoto. Hakuna aliyemwambia. Yeye mwenyewe ndiye aliyevuta moshi mwingi kuliko wote, na watoto wake walilala karibu na jiko la kuyeyushia. Kama mnajua alipohamia, mtafuteni, si kwa kumpiga, bali kumwambia awapeleke watoto wapimwe, na kuwaonyesha alipomwaga asidi na alipozika mabaki. Kichwani mwake kuna ramani ambayo mpimaji angelipa fedha nyingi kuipata. Mkimfukuza kwa mawe, ramani inaondoka naye, na kesho ataanza upya nyuma ya masomo mengine.

Ndivyo ilivyo kwa zebaki pia. Kuchimba dhahabu kwa mikono ndiko kunakotoa zebaki nyingi hewani kuliko kazi nyingine yoyote duniani. Mataifa yalipatana mwaka 2013 kuipunguza, kwa mkataba uliopewa jina la Minamata, mji wa Japani ulioteswa na zebaki. Lakini mkataba hauingii jikoni kwa shangazi. Jikoni tunaingia sisi. Anayechoma dhahabu asichome ndani ya nyumba, asichome penye watoto au mama mja mzito, asitumie chombo cha chakula. Kuna chombo cha kufunika kinachokamata mvuke na kuurudisha uwe maji, kinaitwa retoti. Na kama chumba kilitumika kwa kazi hiyo, msikigeuze kuwa chumba cha kulala.

NYUMBANI KWAKO LEO

Wewe ambaye huna parsele ya betri jirani, usifunge gazeti. Tazama nyumba yako. Viatu vya kazi vibaki nje ya mlango. Nguo za machimbo zifuliwe peke yake. Meza na sakafu zifutwe kwa maji. Mboga zioshwe vizuri, hasa zilizoota kando ya barabara au karibu na karakana. Mpe mtoto chakula chenye damu na mifupa, yaani madini ya chuma na kalisi: sambaza na ndagala na vichwa vyake, maharagwe, lengalenga, sombe. Mwili ulioshiba madini mema unapokea risasi kidogo. Si dawa, lakini ni ngao.

Na ukiona mtoto anakula udongo, usimpige. Mwulize mganga, na uulize pia: udongo huo unatoka wapi?

MASWALI YA MAZUNGUMZO (katika jamaa au kundi la vijana)

1. Katika mtaa wetu, ni wapi palikuwa na atelie, karakana, mahali pa kuchoma dhahabu au pa kumwaga mafuta? Wazee waulizwe. Nani anaishi hapo sasa?
2. Kama kazi ya kusafisha ingemnyima jirani yako kazi, mngefanyaje ili watoto wapone na yeye ale?
3. Siku ya salongo iliyopita tulichoma nini? Moshi ulikwenda upande gani?
4. Ni nani katika kundi letu anaweza kushika daftari la upepo mwezi mzima bila kuacha?

Mwanangu wa korali, ninangoja barua yako ya pili. Usiniandikie kwamba mmemaliza, maana kazi hii haiishi Jumamosi moja. Niandikie kwamba ua umesimama, watoto hawapiti tena mle, na barua imepokelewa na kutiwa sahihi. Nitafurahi. Na msalimie yule mama muganga. Mwambie kuko mtu mwingine aliyefagia sumu utotoni bila kujua, anamshukuru kwa kusema hapana mbele ya watu waliokuwa tayari wameshika fagio.

Mpaka mwezi ujao.